Mchoro hauna saini? Ugeuze kwanza

Tangu ofisi za serikali zianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kazi za fremu zinazonifikia zimebadilika. Zamani zilikuwa picha za harusi, mahafali, na picha ya Rais kwa ajili ya ofisi. Siku hizi mtu anashusha kwenye bajaji mchoro mkubwa wa rangi zilizopishana tu. Hauna mtu, hauna mnyama, hauna saini. Kaununua kwa mgeni aliyekuwa anafunga nyumba Area D, na swali la kwanza ni hilohilo: "Fundi, huyu aliyechora atakuwa nani?"

Swali la nani liache likae mwisho. Anza na hili: kama jina halitajulikana milele, picha hii mtu wa hapa angeitolea shilingi ngapi kwa kuipenda tu ukutani? Ukipata laki mbili, basi laki mbili ndiyo bei. Kinachozidi hapo lazima kije na ushahidi wake.

Sasa igeuze. Mimi mbele naangalia kidogo tu, mgongoni nakaa sana. Ni hadibodi au kitambaa? Hadibodi usiidharau, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichorea juu yake kwa rangi za baiskeli. Kitambaa kimeshikizwa kwa misumari midogo au pini za stepla? Stepla zilizoea kutumika kuanzia katikati ya karne iliyopita, ingawa kitambaa cha zamani kinaweza kuwambwa upya, kwa hiyo tafuta matundu ya misumari ya awali pembeni. Rangi nayo inasema. Akriliki za kuchanganya na maji zilifika madukani miaka ya 1950, kwa hiyo mtu akikuletea akriliki na hadithi ya mwaka 1938, mrudishie vyote viwili.

Vumbi letu la hapa ni shahidi mzuri. Likiingia lenyewe hulala juu ya ukingo wa fremu na kujazana chini, kati ya kitambaa na mbao. Likiwa limeenea sawasawa mgongo mzima, kuna mkono wa mtu. Halafu soma kila karatasi iliyobandikwa. Kibandiko cha duka la fremu chenye simu ya Dar inayoanza na 051 ni cha kabla ya 022 kuanza kutumika, na hapo tayari umepata kipindi fremu ilipotengenezwa. Ya fremu, sio ya mchoro! Watu huchanganya hapo.

Pitisha lenzi juu ya rangi. Ukiona nukta ndogondogo zilizopangana, ni chapa ya mashine, funga mjadala. Tochi ya zambarau ya kukagulia noti, ukiiwasha gizani, mara nyingi huonyesha sehemu zilizopakwa baadaye zikiwa na weusi. Na usijisumbue sana ukishindwa kujua upande wa juu ni upi: mwaka 1961 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lilitundika kazi ya mchoraji Mfaransa Matisse kichwa chini kwa siku 47. Fuata michirizi ya rangi na matundu ya waya.

Wengi hudhani saini ingemaliza kazi. Jumba la kuuzia sanaa la Knoedler la New York, lililofungwa mwaka 2011, liliuza michoro ya kughushi ya mamilioni ya dola, na mmoja ulikuwa na saini ya mchoraji maarufu wa Marekani, Jackson Pollock, iliyokosewa herufi, "Pollok". Upande wa pili yuko Teri Horton, dereva wa lori mstaafu wa California, aliyenunua kwa dola 5 mchoro usio na saini akaamini ni wa Pollock huyohuyo. Akakataa dola milioni 9. Alifariki mwaka 2019 bila kuuza. Mimi ningechukua, niseme ukweli.

Kinachokosekana mara nyingi ni njia ambayo picha imepita. Kwa hiyo kabla mgeni hajapanda ndege, muulize alinunua wapi, kwa nani, mwaka gani, aandike na asaini. Omba picha za zamani za sebuleni kwake. Picha ya watoto kwenye sikukuu, mchoro ukionekana nyuma yao ukutani, naiamini kuliko cheti chenye mihuri mitatu.

Baada ya hapo piga picha mbele, nyuma na pembe zote, uwatumie watu wa kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space Dar au mwalimu wa sanaa chuo kikuu. Usiukunje, na usiufute kwa maji ya sabuni hata kama mama watoto amekereka na vumbi. Linganisha na bei zilizofikiwa kwenye minada ya sanaa ya Afrika Mashariki inayofanyika Nairobi tangu 2013, lakini soma maneno yake kwa makini: "inadhaniwa ni ya fulani" na "kwa mtindo wa fulani" zimepishana mbali sana kibei, na ya pili maana yake ni kwamba fulani hakuigusa.

Dalali akikuambia "hii ni ya mkubwa mmoja, nipe niuze", mwambie aandike jina hilo kwenye risiti na aweke saini yake. Akikataa, bei ni ileile laki mbili. Nawe ukiuza, andika "mchoraji hajulikani" na ubaki na nakala.