Kwa intani aliyeuliza kama daktari wa utumbo mpana anaweza kuwa mtafiti hapa Uganda

Mdogo wangu intani, daktari mpya uliye bado mafunzoni hospitalini, umeuliza kama mtu anaweza kufanya upasuaji wa utumbo mpana hapa kwetu na bado akawa mtafiti wa maana, ama hiyo kazi ni ya wazungu wenye maabara. Naona waliokujibu kabla yangu wamekutajia skolashipu, PhD na mashine za kolonoskopi, zile kamera za kuangalia ndani ya utumbo. Sawa, hayo yapo. Mimi nakujibu kwa yale yaliyonikuta mwenyewe, na mnisamehe urefu, niko zamu ya usiku, wodi imetulia na chai ipo.

Mimi ni mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Kiswahili changu ni cha sokoni Arua, nikasomea Makerere, MMed (masters ya udaktari) ya upasuaji miaka 3. Kuna wanaopitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika mashariki, kati na kusini, unafanya ngazi ya kwanza, MCS, miaka 2 halafu unaongeza ya ubingwa, FCS, miaka 3 huku uko kazini hospitalini kwako. Utumbo mpana wenyewe wengi tunaenda kuongezea nje, mimi nilikaa India miezi kadhaa. Hayo makaratasi yatapatikana tu, shida inaanzia kwingine.

Dezatesheni yangu ilikuwa juu ya utumbo kujisokota, ile volvulasi ya sigmoidi, kipande cha karibu na mwisho wa utumbo mpana. Kwetu ni ugonjwa wa kawaida: mzee anafika tumbo limevimba kama ngoma, siku tatu hajaenda choo wala upepo hautoki, unapiga eksrei unaona kitu kama punje ya kahawa kubwa imejaza tumbo zima. Kama utumbo haujaoza unapitisha mpira taratibu kwa njia ya haja kubwa, na ukifika penyewe, ndugu yangu, simama pembeni, maana kinachotoka hakipigi hodi. Kama umeoza unafungua tumbo, unakata.

Sasa mimi nikadhani data iko tayari inaningoja, si thieta, chumba cha upasuaji, ina daftari? Daftari lenyewe ni lile kubwa la jalada gumu, kona zimelika, kurasa za katikati zimemwagikiwa ayodini zikagandamana. Nafungua, naanza kuhesabu: jina lipo, umri kaandikwa "mtu mzima", opareshini "laparotomi", yaani tumbo lilifunguliwa, basi. Laparotomi ya nini? Utumbo ulikatwa ama haukukatwa? Alitoka hai? Kimya. Nikaenda chumba cha mafaili, nikaambiwa mengine yalihamishwa paa lilipokuwa linavuja, na walikoyahamishia hakujulikani. Miezi minne natafuta mafaili na yaliyopatikana hayakufika hata nusu. Supavaiza wangu akaniangalia juu ya miwani akasema, "Sasa wewe unaandika habari za wagonjwa ama za panya waliokula mafaili?"

Nikatoka nimekasirika, nalaumu kila mtu, manesi, watu wa rekodi, serikali. Halafu siku moja nageuza ukurasa nikaona mwandiko ninaoujua. "Laparotomi", basi, na sahihi pembeni. Ilikuwa yangu, toka nikiwa intani. Mgonjwa yule simkumbuki hata sura.

Ndiyo maana nakwambia anza na daftari lako leo leo, usingoje masters. Mimi nilinunua kaunta buku nikaipiga mistari kwa rula: umri, anatoka kijiji gani, tumbo lilianza kuuma lini na akafika hospitali lini (tofauti ya siku hizo mbili itakufundisha kuliko kitabu), nilikuta nini ndani, nilifanya nini, alitokaje. Na simu tatu, si moja. Namba ya mgonjwa mwenyewe haitoshi, laini inapotea, simu inauzwa, siku nyingine nimepiga nikapokewa na mtu wa boda Koboko akaniambia hiyo namba ameinunua na simu yake na hamjui mzee yeyote. Chukua ya mgonjwa, ya mtoto wake, na ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Mwenyekiti hahami.

Watu wa fani yetu wakisikia utafiti wanawaza maikroskopu. Mimi namuwaza Denis Burkitt. Wengi mnamjua kwa ile kansa ya taya za watoto, lakini jamaa alikuwa daktari wa upasuaji wa kawaida kabisa, Mwairishi, jicho moja alilipoteza utotoni, akaanzia Lira, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1946 kisha akaenda Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Mwaka 1957 akaonyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, haikumwingia akilini, si muda mrefu akaona mwingine Jinja mwenye vimbe zilezile. Mwaka 1958 akaandika. Halafu akafanya nini? Akatuma barua na picha kwenye hospitali za Afrika nzima kuuliza, nyie kwenu mnauona huu? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari la Ford lililokwisha kutumika wakashuka mpaka Afrika Kusini, maili 10,000 hivi, wiki 10, hospitali kwa hospitali, swali ni lilelile. Mmoja wa hao wawili alikuwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapa hapa karibu na Arua, mahali ambapo shangazi zangu walikuwa wanapelekwa kujifungua. Ile ramani yao ndiyo ilionyesha ugonjwa unafuata joto na mvua, na mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, Anthony Epstein akiwa kwenye viti, na mwaka 1964 Epstein, mtafiti wa virusi, na wenzake wakatangaza kirusi walichokikuta kwenye uvimbe huo.

Na hapo ndipo anapoingia kwenye fani yetu, maana aliporudi Uingereza aliutumia mtindo uleule kwa utumbo mpana. Akauliza: mbona kansa ya utumbo mpana, bawasiri, vifuko vya utumbo, hayo yote yamejaa kwao na Mulago nilikuwa siyaoni? Akaanza kupima choo. Ndiyo, kinyesi, kwenye mizani, na kuwamezesha watu vidude vidogo vinavyoonekana kwenye eksrei ili ajue chakula kinatembea saa ngapi mpaka kitoke. Ile makala ya mwaka 1972 aliyoandika na wenzake Walker na Painter kwenye jarida la kitabibu la Lancet, wanakijiji wa Uganda walikuwa wanatoa wastani wa gramu 470 hivi kwa siku, wanamaji wa Kiingereza kama 104. Kwetu chakula kilikuwa kinapita ndani ya siku moja na nusu, kwao siku tatu na zaidi. Ulimwengu mzima unaokula pumba asubuhi na maziwa, mjue chanzo kimojawapo ni choo cha shambani Uganda, na huyo mwanakijiji jina lake halipo popote.

Ila msimfanye nabii. Mwaka 2000 yalitoka majaribio mawili makubwa Marekani, watu waliowahi kutolewa polipu, vinundu vya utumbo vinavyoweza kugeuka kansa, wakaongezewa nyuzinyuzi miaka kadhaa, polipu zikarudi vilevile. Halafu mwaka 2003 utafiti mkubwa wa Ulaya ukasema wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanapata kansa hiyo kidogo zaidi. Mjadala unaendelea. Na kitu kinachonichekesha mimi, chakula hichohicho cha nyuzinyuzi nyingi wengi wanaamini kinachangia kurefusha na kulegeza sigmoidi mpaka ijisokote, yaani posho ya muhogo na maharage yanayokulinda huku yanakutegea kule. Burkitt aliona upande mmoja vizuri sana, upande wa pili ulikuwa unaingia Mulago usiku tumbo limevimba.

Mwingine wa kumsoma ni Bill Heald, daktari wa upasuaji wa Basingstoke, mji wa Uingereza ambao hakuna anayeujua. Yeye aliona kansa ya puru inarudi palepale ilipotolewa, akasema labda tunaacha mafuta yanayoizunguka, tukate kwa makini tuyatoe na mfuko wake mzima bila kuupasua. Makala ya mwaka 1982. Wakubwa wengi hawakumwamini. Kilichomwokoa ni kwamba wagonjwa wake alikuwa anawafuatilia mwaka baada ya mwaka, anajua nani imemrudia na nani bado mzima. Ni daftari lilelile ninalokwambia, mdogo wangu, la kwake lilitunzwa tu.

Sasa swali langu mimi lilitoka wapi. Si kwenye jarida. Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, nilimkata utumbo uliooza nikamtolea choo pembeni ya tumbo, ile kolostomi. Mfuko wenyewe dukani Kampala unauzwa bei ambayo yeye anamlipia mtoto ada. Akarudi kliniki baada ya wiki sita, akavua shati, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, ndani kuna kavera nyeusi, mfuko wa plastiki wa dukani, amekata shimo katikati, akalizungushia pete ya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, imebana sawasawa, haivuji. Nikabaki naangalia. Ngozi yake ilikuwa nzima kuliko ya wagonjwa wangu wenye mifuko ya kununua wanaoivaa wiki mbili bila kubadilisha kwa sababu hawana wa pili. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema, "Hakuna, mwanangu, mimi nimeziba pancha miaka arobaini."

Nikaanza kuwauliza wote wanaorudi: unatumia nini, unabadilisha mara ngapi, unaenda kanisani ama msikitini, mkeo bado analala chumba kimoja na wewe. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa zito, wanaume walikuwa wanaangalia dirishani. Huo ndio ukawa utafiti wangu wa kwanza wa kweli. Haukuhitaji mashine, ulihitaji kibali cha kamati ya maadili na usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia (usirukie hiyo hatua hata kama ni maswali tu, na anza mapema maana makaratasi yana mwendo wake), kalamu, na mtu anayejua Kilugbara, lugha ya huku Arua, vizuri kuliko mimi.

La majina kwenye makala naligusa haraka kwa sababu bado linaniuma. Kuna mwenzetu mmoja kutoka ng'ambo nilimpa data za miaka miwili kwa urafiki, makala ikatoka, natafuta jina langu sioni, nashuka mpaka chini kwenye shukrani ndiyo nikajikuta, baada ya dereva. Siku hizi kabla Eksel haijafunguliwa tunaandikiana nani wa kwanza, nani wa mwisho, data inakaa kwenye kompyuta ya nani. Anayekataa kuandika nampikia chai tu.

Pesa usitegemee. Usiku utaandika umechoka. Makala yangu ya kolostomi ilikataliwa mara mbili, mara moja wakasema sampuli ni ndogo, na kweli ilikuwa ndogo, nikarudi kukusanya tena.

Yule mzee tulimrudishia utumbo wake baadaye. Namba zake tatu bado ninazo, ila sijawahi kuzihitaji, ananipigia mwenyewe kila Jumapili baada ya misa, hata salamu hamalizi, "Dokta, andika, leo nimekwenda vizuri." Naandika.