Re: Insha ya manowari za Waingereza na biashara ya watumwa Zanzibar

Dogo, umeuliza kama uandike kwamba manowari za Waingereza ndo zilimaliza biashara ya watumwa Zanzibar, mi nakushauri usiandike hivyo kirahisi. Mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku biashara hiyo Sultani Barghash alisaini kwa kutishiwa kufungiwa bandari, soko la watumwa likafungwa, ila utumwa wenyewe Unguja haukufutwa mpaka 1897, hiyo miaka 24 ya katikati ndo uichimbe.

Chukua tukio moja ulichambue vizuri. HMS London, manowari ya Waingereza, ilitia nanga Zanzibar kuanzia 1874, limeli la zamani ambalo haliwezi kukimbiza mtu, kazi yenyewe ilifanywa na boti zake ndogo zikivizia huko Pemba. Desemba 1881 kapteni wake, Brownrigg, akasogelea jahazi lenye bendera ya Ufaransa, na bendera ile ilikuwa kinga kweli kweli maana Mwingereza hakuruhusiwa kulipekua, alitaka kuona karatasi tu, wakamshambulia wakamuua, na ndani kulikuwa na watumwa. Halafu kuna hela: mabaharia walilipwa kwa kila mtu waliyemwokoa au kwa tani za jahazi, ndo maana wenye vyombo halali walilalamika sana kuchomewa mali zao.

Zuio la pwani la 1888, la Waingereza na Wajerumani, lilitangazwa kuzuia watumwa na bunduki, lakini angalia mwaka, Abushiri, kiongozi wa uasi wa pwani, alikuwa anapigana na Wajerumani.

Na tafadhali waliookolewa wape aya nzima, wengi walishushwa Shelisheli au Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru pale Mombasa, sio kwao.