Kuunga pingili za kiuno: usichague kwa urefu wa kovu

Msomaji ameniandikia kwamba pingili zake za kiuno, yaani mifupa ya uti wa mgongo, ya nne na ya tano, zinatakiwa kuungwa. Daktari mmoja anataka kufungua mgongo, mwingine atapitia matundu madogo. Afuate yupi? Wengi wakifika hapo hutazama kovu tu, na hapo ndipo wanapopotea.

Ndani kazi ni ileile. Diski iliyochakaa, ule mto ulio kati ya pingili, hutolewa, pengo lake huwekwa kipande kigumu chenye uwazi uliojazwa mfupa, kisha skrubu nne, mbili kwa kila pingili, na vyuma viwili vya kuzishika. Kinachotofautiana ni njia ya kuingilia. Upasuaji wa wazi huchana katikati ya mgongo, mara nyingi sentimita 10 hadi 15; misuli hubanduliwa kwenye mfupa na kuvutwa pembeni. Ikibanwa muda mrefu hukosa damu, ndiyo maana mpasuaji makini huilegeza kila baada ya muda. Kwa matundu madogo, ngozi huchanwa sentimita 2 hadi 3 pembeni mwa mstari wa katikati. Mirija hupitishwa mmoja juu ya mwingine, kila unaofuata mnene zaidi, hadi misuli ijitenge bila kubanduliwa. Wa mwisho una upana wa milimita 22 hivi, na kazi ya kutoa diski yote hupita humo.

Kwa matundu madogo damu hupotea kidogo, maumivu ya siku za mwanzo hupungua, nyumbani unarudi mapema. Baada ya mwaka mmoja au miwili, hali za wagonjwa wa njia zote mbili hukaribiana sana.

Na tundu dogo lina hatari zake. Skrubu huongozwa na waya mwembamba unaofuatiliwa kwa eksirei. Waya ukisogea bila kuangaliwa unaweza kutoboa mbele ya pingili, kwenye mishipa mikubwa ya damu. Mfuko wa maji ya uti wa mgongo ukichanika, kuushona ndani ya mrija ni shughuli pevu. Kwa hiyo muulize daktari: umefanya ngapi za aina hii? Ukikwama, utafungua? Anayekasirikia maswali hayo, mwache.

Pingili zikiwa nyingi, mgongo ukiwa umepinda sana, au mahali hapo palishapasuliwa pakajaa makovu, mara nyingi njia ya wazi ndiyo salama zaidi.

Mfupa wenyewe haujali ulipitia wapi. Huchukua miezi 6 hadi 12 kushikana, hata ngozi ikipona ndani ya wiki mbili. Wenye kovu dogo hujisahau, wakainua mizigo mapema, skrubu zikalegea. Sigara nayo huzuia mfupa kushikana: iache wiki kadhaa kabla, na usiirudie mfupa ukiwa bado unaunga.

Ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au mkojo ukagoma kutoka, iwe kabla au baada ya upasuaji, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo.