Nikiacha fizikia nichukue biashara, nitapata sayansi ya kompyuta?

Swali: Mwalimu, niko fomu tatu dei skul hapa Njoro. Nataka sana sayansi ya kompyuta UoN (Chuo Kikuu cha Nairobi) ama JKUAT (chuo kikuu cha Jomo Kenyatta). Hesabu napata B+ lakini fizikia ni C, na hata nyumbani wananiambia niiache nichukue biashara ndio mean gredi (gredi ya wastani) ipande ifike A-. Pia naskia lazima ujue koding (kuandika programu za kompyuta) kabla uende chuo. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, usiache fizikia. Najua wanaokushauri wanakutakia mema, lakini wanaangalia mean gredi na KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wanaangalia klasta, yaani masomo manne ambayo kozi yenyewe inahitaji. Kwa sayansi ya kompyuta somo la kwanza la klasta ni hesabu (kwa potali yao ya mtandaoni utaiona imeandikwa MAT A, ndio ile ya namba 121), la pili ni fizikia, halafu mengine mawili yanatoka kwa makundi ya sayansi, humanities na kadhalika. Ukikosa fizikia hata uwe na A ya biashara, kozi hiyo hauhesabiwi.

Sasa ona hesabu yenyewe maana hapa ndio watu wengi wanapotea. Fomula tunayotumia shuleni kukadiria ni hii: jumla ya pointi za masomo manne ya klasta gawanya na 48, jumla yako ya pointi za masomo saba gawanya na 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha na 48. Pointi utakazopata kwa potali zinaweza kutofautiana kidogo na hizo, na za potali ndio za kufuata.

Chukua wanafunzi wawili wa kufikiria tu. Wa kwanza ana jumla ya pointi 74, hiyo ni A-, lakini hesabu ni B na fizikia B-, halafu historia A na biolojia A-. Kwa pointi (A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8) klasta yake ni 9+8+12+11, ni 40, na ukipiga fomula inatoka kama 41.1. Wa pili ana B+ ya pointi 68, kingereza na kiswahili zilimsumbua kidogo, lakini hesabu A, fizikia A-, kompyuta A, kemia B+. Hiyo klasta ni 45 na anatoka na 41.8. Umeona? Wa B+ amempita wa A- kwa hii kozi, na kwa kozi inayogombaniwa hivi hiyo tofauti ndogo inaweza kukutoa nje ama kukuingiza.

Kwa hivyo nguvu yako yote iende kwa hesabu na hiyo fizikia, na C si mwisho wa dunia kama bado uko fomu tatu. Vyuo vingi vinaomba angalau C+ kwa hizo mbili, lakini kwa UoN na JKUAT lenga juu zaidi ya hapo. Anza na pepa ya tatu, ile ya praktiko, iko na maksi 40 na watu wanaichukulia poa wakati ndio rahisi kuokota maksi. Chora grafu kila wiki. Skeli iwe sawa na ijaze ukurasa, andika jina na yuniti kwa kila mhimili, pointi ziwe vialama vidogo vya msalaba vya penseli iliyochongwa, mstari upite katikati ya pointi, na ukitafuta slopu chukua pembetatu kubwa juu ya mstari wenyewe, si pointi za jedwali, halafu usisahau yuniti ya slopu. Nimesahihisha karatasi nyingi sana za watoto werevu wanaopoteza maksi hapo tu, na inaniuma kweli. Kama shule yenu iko na somo la kompyuta na unalifanya, lishike pia, prujekti ya pepa ya tatu ianze mapema usingoje wiki ya mwisho.

Ukifika wakati wa kuchagua, zile pointi utakazoona kando ya kozi ni za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliotangulia, si ahadi, mwaka huu zinaweza kupanda. Weka UoN na JKUAT juu kama pointi zinakaribia, lakini jaza na Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, na Egerton iko hapo kwenu Njoro, digrii ni ileile na unaweza hata kutoka nyumbani. Usijaze vyuo vikubwa vitupu, nimeona wenye pointi nzuri wakitupwa kozi hawakuwahi kuitaka. Ukikosa, kuna awamu ya kurekebisha chaguo na baadaye kuna kuomba kuhama chuo ukiwa umefikisha pointi zao. Na kuna njia ya diploma kwanza, Kisumu National Polytechnic kwa mfano, ni ndefu lakini wengi wamepita huko wakaingia digrii.

Koding si lazima saa hii, mwaka wa kwanza wanaanza kutoka sufuri. Kinachoangusha watu huko ni hesabu, kalkulasi na ile hesabu ya mantiki. Baada ya KCSE, mtihani wa fomu nne, utakuwa na miezi mingi nyumbani kabla ya kuripoti, hapo ndio ujifunze Python, lugha moja ya koding, na kozi ya CS50 ya Harvard iko bure kwa intaneti na hata simu inatosha kuangalia masomo, ila mazoezi tafuta kompyuta, hata ya saiba.