Bonyezeni "Copier" (nakili), si "Couper" (kata): majibu kuhusu picha za simu na diski

Tangu mwezi uliopita karibu kila barua inayonifikia hapa Goma inahusu picha zilizopotea njiani kati ya simu na diski. Nimechagua saba.

Nilikuwa napeleka picha za ndoa ya mdogo wangu kwenye diski kwa kompyuta ya mezani. Umeme ukakatika katikati. Sasa hazipo simuni wala diskini. Zitarudi? (Himbi)

Kwanza usiandike hata faili moja juu ya diski hiyo. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine, endesha PhotoRec, programu ya bure ya kufufua faili, na zitakazopatikana uzihifadhi mahali pengine, si kwenye diski ileile. Upande wa simu usitarajie sana. Simu za siku hizi husimba data yake (huifunga kwa siri) na kufyeka nafasi ya faili iliyofutwa. Angalia pipa la taka la picha, basi. Anayekuahidi kuzifufua kutoka ndani ya simu kwa malipo ya kabla, mkimbie.

Sasa nikueleze kilichotokea. Simu na kompyuta zetu nyingi ziko kwa Kifaransa. Menyu inakuletea "Couper" na "Copier", jirani kwa jirani, herufi karibu zilezile, na wewe ulibonyeza ya kwanza. "Couper" huandika faili upande wa pili kisha huifuta ilikotoka. Tena kompyuta huweza kusema kazi imekwisha wakati sehemu ya data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda, haijashuka diskini. Umeme ukizimika hapo, simu imeshafuta na diski haijapokea.

Nimeandika na nitaandika tena: Copier. Kisha "Éjecter" (toa kwa usalama), chomoa, chomeka upya, fungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, cheza video mpaka mwisho. Ulale. Kesho yake ndipo ufute simuni. Na katika mji ambao umeme huondoka bila kuaga, kazi hii ifanyie kwenye laptopu yenye betri inayoshika chaji.

Nachomeka simu, kompyuta haioni picha. (Katindo)

Mara ya nne swali hili. Fungua simu, shusha arifa kutoka juu ya kioo, gusa ile ya USB, chagua "Transfert de fichiers" (kuhamisha faili). Kama arifa yenyewe haitokei, pengine kable yako ni ya kuchaji tu; badilisha.

Nilinunua diski ya TB 2 kwa dola 10. Picha za mwanzo zinafunguka, nyingine zinatokea kijivu. (Ndosho)

Si TB 2, ndugu yangu. Ndani yake kuna kadi ndogo, pengine ya GB 32 au 64, na kidhibiti (chipu inayoiongoza) kilichorekebishwa ili kiidanganye kompyuta. Ukivuka ukubwa wa kweli, inaendelea kukuitikia, kumbe inaandika juu ya picha ulizotangulia kuweka, au haiandiki popote. Jina la faili unaliona, ndani hamna kitu. Zinazofunguka zitoe leo, na hiyo diski usimpe mtu mwingine hata bure.

Ukinunua nyingine, patana na muuzaji kwamba unaweza kuirudisha ndani ya siku mbili. Usiku huohuo ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux: hujaza diski yote kisha huisoma tena. Huchukua saa nyingi, iache ifanye kazi. Muuzaji akikataa sharti hilo, ondoka. Biashara hii inanikasirisha sana, kwa sababu anayeibiwa hajui mpaka siku anatafuta picha ya mtu aliyekufa.

Video ya ibada ya GB 6 inakataa kuingia kwenye kle (flashi ya USB), na nafasi bado ipo. (Mabanga)

Kle yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili inayofikia GB 4. Iformati kuwa exFAT. Kuformati kunafuta kila kitu, kwa hiyo nakili kwanza vilivyomo.

Nina Google Photos. Diski ya nini tena? (Kyeshero)

Kwa sababu Google Photos ni kioo cha simu yako. Picha iliyokwisha kupanda ukiifuta ndani ya programu hiyo, inafutika simuni na huko juu pia. Itakaa kwenye pipa siku 60, kisha basi. Nafasi ya bure ni GB 15, ikihesabiwa pamoja na barua pepe zako, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa. Na bando la kupandisha video za mwaka mzima utalipa wewe.

Lakini sitakwambia uiache. Mlima wa volkano Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ilifika Buhene, pembezoni mwa Goma. Tarehe 27 sisi wa kartiye (mitaa) kumi za Goma tukaamriwa kuhama. Nilitoka na mtoto mgongoni, blanketi na simu. Diski ilibaki juu ya kabati, kando ya kompyuta. Nyumba haikuungua, lakini siku zote nilizolala katika mji wa Sake nilikuwa nawaza picha za marehemu mama, ambazo zilikuwa kwenye kabati lile tu. Leo diski moja iko kwangu, ya pili iko Bukavu kwa dada yangu. Mara mbili kwa mwaka inapanda boti kuja kujazwa na kurudi. Diski mbili zinazokaa chumba kimoja mimi nazihesabu moja.

Diski yangu inalia tak, tak, tak. (Kadutu, Bukavu)

Ichomoe sasa hivi, usiichomeke tena.

Mama mmoja wa Majengo aliniletea yake imefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Mtoto alivuta kable wakati inafanya kazi, ikaanguka sakafuni, kimo cha meza tu. Ndani ya diski hizo kuna sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake bila kuigusa. Ikianguka hivyo, kichwa hukwaruza sahani. Mama alikuwa ameshaichomeka mara nyingi ili kujaribu, na kila jaribio linaweza kuzidisha mikwaruzo. Nilipoigeuza polepole mkononi nilisikia kitu kidogo kikicheza ndani. Fundi asiifungue mezani kwake, na vumbi letu hili jeusi la lava: punje moja inatosha kumaliza kilichobaki.

Kijana wa kibanda cha kuchaji simu ananinakilia picha kwenye kle. Ni sawa? (Ndosho)

Sipendi, mama. Simuni mwako kuna picha ya kadi ya mpiga kura, watoto wakiwa wanaoga, ujumbe wa benki. Anayenakili yako anaweza kubaki na nakala yake. Nunua kiunganishi cha OTG, chomeka kle kwenye simu yako mwenyewe, na unakili ukiwa umekaa kwako. Kle hula umeme kidogo, simu nyingi zinaimudu. Diski kubwa ya kuzunguka mara nyingi inazishinda. Na kama kle imeshapita kibandani na folda zote zimegeuka njia za mkato, hiyo ni virusi. Usiziguse wala usiiformati, maana mara nyingi picha zako ziko palepale, zimefichwa tu.