Aliandika "ina kufa", nami nikamsahihisha

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 22, na kwa miaka sita sasa nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba yangu, Kihonda, Morogoro. Mambo haya mawili yaligongana kwenye simu yangu mwaka juzi, na yalipogongana nilizika kuku 73. Naandika kwa ajili ya watu wa aina yangu, ninyi mnaojua kuandika vizuri, ambao jicho likikutana na "harafu" badala ya "halafu" haliwezi kupita kimya.

Nipo kwenye grupu la wafugaji lenye watu zaidi ya 200. Wengi ni wa Morogoro, Dodoma na Singida, na wachache wako Kenya. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikali, na kideri kilikuwa kimeanza kutajwa tajwa. (Wengine mnakiita mdondo, ugonjwa ni huo huo.) Kijana mmoja akauliza namna ya kutumia ile chanjo ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Mama mmoja wa Singida akajibu hivi, nanakili kama alivyoandika:

"jamani hiyo chanjo msi changanye na maji ya bomba ya na dawa chanjo ina kufa. mimi nime poteza kuku woote. chukueni ya kisima au ya mvua hata kama ni mbari"

Nilikuwa nimetoka kusahihisha insha za kidato cha pili, rundo zima, na kalamu nyekundu bado ilikuwa mezani. Nikaandika: "Inakufa huandikwa neno moja. Ni yana dawa, si ya na dawa. Na ni mbali, si mbari." Watu saba au wanane wakaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Yule mama akajibu, "asante mwalimu." Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya pumba.

Siku nne baadaye nikaenda duka la dawa za mifugo, nikanunua chanjo ile ile. Nikaibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, kama wanavyoelekeza. Asubuhi niliwanyima kuku maji kwa saa mbili ili wapate kiu. Kisha nikafungua bomba la uani, nikajaza ndoo, nikamimina chanjo, nikakoroga taratibu, nikawawekea.

Chanjo ile ina virusi hai waliopunguzwa makali. Klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba ili sisi binadamu tusiugue inawaua virusi hao kabla kuku hajanywa. Kwa hiyo niliwanywesha kuku wangu maji matupu, nikaandika tarehe kwenye daftari, nikalala nikiamini nimewakinga.

Mwezi wa kumi kideri kikaingia bandani. Jumatatu nilikuta wawili wamezubaa, mabawa yameshuka. Jumatano kinyesi cha kijani kilikuwa banda zima, na mtetea mmoja mweupe niliyempenda sana alikuwa amepinda shingo mpaka kichwa kinatazama mgongo, anazunguka mahali pamoja. Ijumaa nikaacha kuhesabu. Nilikuwa nao 84, wakabaki 11. Bwana mifugo alipokuja aliangalia daftari langu, akaona tarehe ya chanjo, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, ulichanganya na maji gani?"

Usiku ule nilirudi kwenye simu na kupandisha ujumbe juu, juu, juu, mpaka Agosti. Nikausoma tena ujumbe wa yule mama. Ulikuwa na kila kitu: katazo, sababu, ushahidi wa mtu aliyepoteza kuku wake, na njia mbadala. Chini yake, kwa jina langu, kulikuwa na masahihisho matatu, yote sahihi. Nilikuwa nimesoma herufi zake zote na sikusoma alichosema.

Ndugu zangu walimu, waandishi, wahariri, na ninyi mliokulia pwani mkanyonya Kiswahili kwa mama zenu: jicho linalowinda makosa haliwezi wakati huo huo kufuata maana. Sisemi haya kwa kubahatisha. Nikisahihisha insha 40 usiku, nikimaliza naweza kukwambia nani alichanganya "dh" na "z", lakini ukiniuliza mtoto yule aliandika nini kuhusu bibi yake, sikumbuki. Darasani hilo lina nafasi yake kwa sababu mtoto amekuja kujifunza kuandika. Yule mama hakuja grupuni kujifunza kuandika. Alikuja kutuokolea kuku.

Baada ya siku zile niliketi na ujumbe wake kama ambavyo ningeketi na kazi ya mwanafunzi, safari hii nikitafuta anachokijua. Tazama alikokata maneno: "ina kufa", "nime poteza", "msi changanye". Kila mara kisu kimepita kwenye kiungo. Upande mmoja kimebaki kiambishi cha mtenda pamoja na wakati au ukanushi, upande wa pili limebaki tendo lenyewe. Hakuandika "nimepo teza", na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayeandika hivyo. Mimi huchukua vipindi kadhaa kuwaeleza kidato cha tatu viambishi vinagawanyika wapi, na mama huyu anavijua bila kufundishwa na mtu. Hata "ya na dawa" ina upatanisho sahihi kabisa wa maji. Wasomi wangapi mmewasikia wakisema "maji ina dawa"? Na ile "woote" yenye o mbili si uzembe. Vuta sauti usome kama anavyoongea, utasikia banda likibaki tupu.

"Mbari" nayo ina historia yake. Zipo lugha zetu ambazo hazitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyotenganisha. Mkurya wa Tarime na Mkikuyu wa Nyeri wote wanaweza kukwambia wamekwenda "kura" chakula, na hawajapiga kura yoyote. Mtoto amelelewa na sauti moja mpaka siku anayoingia darasa la kwanza, halafu anaambiwa ni sauti mbili. Wengine hudondosha h, wakaandika "apa" na "ata", kisha kwa kujihami wakaiweka isipotakiwa: "hasante". Wengine hawana th wala dh, na "thamani" yao inageuka kuwa "samani". Sijaona katika haya dalili ya mtu mvivu au mjinga. Naona mtu anayeandika kwa lugha yake ya pili, wakati mwingine ya tatu, kwa kidole gumba, amesimama bandani. Na simu nazo hujiamulia zenyewe. Yangu kwa muda mrefu ilikuwa ikigeuza "kama" kuwa "karma" kila nikisahau kuizima.

Tukumbuke pia kwamba huu usanifu tunaoulinda kwa ukali ulikuwa uamuzi wa watu kikaoni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya kusimamia maandishi yafanane katika vitabu vya shule. Wangechagua Kimvita, lahaja ya Mombasa, leo ningemwekea mwanafunzi alama ya kosa kwa kuandika "njia" na "njoo", nikimtaka aandike "ndia" na "ndoo". Wangechagua Kiamu, macho yangekuwa "mato". Mzee wa Lamu anayeandika "mato" hajakosea chochote. Anaandika lugha ya mababu zake, ambayo ina tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zaidi ya karne moja kabla ya kikao kile. Naupenda usanifu, umenilisha maisha yangu yote. Lakini ulitengenezwa ili watu wa mbali waelewane, na mimi niliutumia kumnyamazisha mtu niliyekuwa nimemwelewa vizuri.

Je, tusisahihishe kabisa? Hapana, sijafika huko. Kuna kosa linalobadilisha maana, na hilo usiliache hata dakika moja. Mwezi uliopita kijana aliandika kwamba dawa fulani ya kuhara ni "vijiko 10 kwa lita 1". Nilijua alitaka kusema kijiko 1 kwa lita 10, lakini aliye mgeni hajui, na angeua kuku kwa sumu. Nikauliza palepale: "Unamaanisha kijiko 1 kwa lita 10?" Akasema ndiyo, akafuta, akaandika upya. Ukiuliza hivyo unampa mtu nafasi ya kurekebisha mwenyewe, na mbele za watu heshima yake inabaki mahali pake. Tarehe, vipimo, namba ya kutuma hela, jina la dawa: hapo uwe mkali.

Mengine yote yatendee kama mama anavyomtendea mtoto anayejifunza kusema. Mtoto akisema "nataka kura", mama hajibu "sema kula". Anajibu, "Haya, njoo ule, unataka kula nini?" Neno sahihi limesikika, na mtoto amekula. Siku hizi mtu akiandika "kuku hawakuri", najibu, "Hawali tangu lini? Na maji wanakunywa?" Baada ya wiki chache nimeona baadhi yao wenyewe wakibadilika, bila mtu kuaibika. Na ukiona ni lazima umwambie mtu waziwazi, labda anaandaa barua ya kuomba kazi au tangazo la biashara yake, mfuate pembeni na umwombe ruhusa kwanza. Kwenye barua ya kazi, kitabu cha shule, gazeti au tangazo la serikali, kalamu yangu nyekundu bado ni ile ile, na wanafunzi wangu wanaijua.

Kuna jambo lingine lililonitia hofu zaidi nilipolitambua. Wiki ile ile niliyomkosoa yule mama, mtu mwingine grupuni alileta ujumbe mrefu ulionyooka, nukta na mkato kila kimoja mahali pake, akidai kwamba kideri kinatibika kwa antibayotiki fulani ukiiwahi. Si kweli. Kideri kinaletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kinga ni chanjo, hakuna dawa. Ujumbe ule sikuugusa. Nadhani hata niliufurahia, kwa jinsi ulivyoandikwa. Watu wakausambaza. Hebu fikirini: mwenye ukweli alichekwa kwa sababu ya r moja, na mwenye uongo akapita na aya zake safi mikononi mwa mwalimu.

Nilimtafuta yule mama pembeni. Nilianza na shikamoo kwa sababu ananizidi umri, nikaeleza kilichonipata, nikamwomba radhi kwa kumuumbua mbele za watu. Kisha nikaandika grupuni, hadharani, kwamba alisema kweli na mimi ndiye niliyepoteza kuku kwa kutomsikiliza. Niliona haifai kukosea mtu sokoni halafu ukamwomba msamaha chumbani.

Hakunijibu kwa maandishi. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na kuhusu radhi hakusema lolote. Alianza moja kwa moja: ukikosa kisima, kinga maji ya bomba kwenye beseni pana, yaache wazi usiku kucha, koroga maziwa ya unga kidogo kabla ya kutia chanjo, vyombo vya kunyweshea usivioshe kwa sabuni siku ile, maji yaishe ndani ya saa mbili. Nyuma ya sauti yake nilisikia jogoo wanawika.

Tangu hapo hakuandika tena grupuni. Alituma sauti tu. Na sauti, ninyi mnajua, kwenye grupu la watu 200 hupotea. Huwezi kutafuta neno ndani yake. Mwenye bando dogo haifungui. Asiyesikia vizuri anaiacha. Maarifa ya mwanamke yule, ya miaka mingi na kuku, yakawa yanapita kama upepo kwa sababu mimi nilimfanya aogope kuandika. Nikaanza kuziandika. Kila akituma sauti, usiku nasikiliza, naandika maneno yake kama alivyoyasema, nayaweka grupuni kwa jina lake. Mpaka sasa zimefika sauti 31.

Wiki iliyopita nilitotolesha tena, nikachanja kwa maji ya kisima cha jirani niliyoyabeba kichwani kwa ndoo mbili. Jumapili jioni simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wake, wa maandishi, wa kwanza baada ya zaidi ya mwaka na nusu:

"mwalimu vifaranga wame baki wangapi na wana kura vizuri"

Nikatoka na tochi, nikahesabu mara mbili, nikamjibu: "Wamebaki 62, mama. Wanakula vizuri sana."