Mnaoenda Uholanzi na familia, hizo tulipu ziacheni hukohuko

Mkuu uliyesema Aprili unaenda Uholanzi na mama watoto na watoto, mtapita Keukenhof, ile bustani yao kubwa ya maua, halafu ukirudi unang'oa bogenvilia ya getini hapo Mbezi upande tulipu, SUBIRI. Usishike jembe. Viza, watoto, nani atamwagilia maua mkiwa safarini, hayo tutayafikia, ila nimesoma ule mstari wako "muuzaji katuhakikishia zinaota popote" damu ikanichemka.

Zinaota popote! Na mimi niliambiwa hivyohivyo na mzee mmoja mwenye kibanda cha maua Amsterdam, nikamfungulia na ramani kwenye simu nikamwonyesha Dar ilipo, akaangalia, akasema jua la Afrika, safi sana, akanifungia mifuko. Yule mzee popote alipo asikohoe bila kunikumbuka.

Tena hakusema uongo, ndo kinachoniuma. Kuota zinaota. Majani yatatoka mawili matatu, utapiga picha, utarusha kwenye grupu la familia, watu wataweka makopakopa, halafu basi. Ua linakaukia humohumo katikati ya majani, au likijitahidi sana linachungulia kwenye kikonyo kifupi kama kidole gumba, asubuhi lipo mchana limelegea. Tulipu asili yake milima ya Asia ya Kati, kule kwenye baridi ya kweli. Kile kitunguu chake, yaani kile cha ardhini ambacho ua linatokea humo, lazima kikae kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9 hivi, wiki 12 mpaka 16, ndo kikonyo kirefuke na ua lifunguke. Wenyewe Waholanzi wanapanda kuanzia Oktoba, winta yote vimelala ardhini, hapo Keukenhof wanafukia vitunguu kama milioni 7 kila mwaka, sisi tunakuja Aprili tunakuta sherehe tunadhani ndo maisha yake ya kila siku. Sasa niambie nyuzi 9 Dar utazitoa wapi. Julai usiku, ile tunayovaa sweta tunasema leo baridi imezidi, ni nyuzi 18, 19.

Na usije ukasema mi nilibeba kienyeji. Karatasi zangu zilikuwa safi! Kibali cha kuingiza mimea niliomba TPHPA, ile mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla sijaondoka, cheti cha afya ya mimea kutoka Uholanzi nilikuwa nacho (siyo kile kistika cha kwenye pakiti, kile ni cha wanaoenda Marekani na Kanada, asikudanganye mtu), mkaguzi uwanjani kapitisha, nikatoka natembea kama waziri wa kilimo. Kumbe karatasi zote zile zinauliza wadudu na magonjwa. Hakuna mahali mtu anagonga mhuri kwamba ua litachanua Tabata.

Hasara yenyewe siyo euro mkuu. Ni bogenvilia. Tulikuwa na bogenvilia imefunika ukuta mzima, ya zambarau, haiombi maji, haiombi mbolea, mbuzi wa jirani kaila kaichoka, nikaing'oa kwa mkono wangu kupisha tulipu. Nikalipa fundi atengeneze tuta la matofali, nikaleta udongo mweusi wa kununua, samadi, nikapanda Mei masika bado inamwaga, na kitunguu cha tulipu kikishamaliza msimu wake kinataka pakavu, kwa hiyo vikaoza, ukichimbua unatoa uji. Mama mkwe alipokuja akaliangalia lile tuta tupu, akauliza kwa upole kama paka wetu amefariki.

Vilivyobaki nikamuuliza jamaa mmoja wa bustani za barabarani, akaniambia weka barafu juu ya udongo kila asubuhi. Na mi nikaweka! Mtu mzima, nanunua barafu nalisha udongo, saa tatu ishayeyuka, nimemwagilia tu kwa gharama. Vingine nikaweka kwenye friji, nimeandika kwa makapeni SIYO VITUNGUU VYA KUPIKIA, hapo nikajiona mjanja, kumbe humo ndani kuna maparachichi na maepo ya watoto, na matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini inayoua kichipukizi cha ua ndani ya kitunguu. Ongeza umeme kukatika. Basi, zikafa zikiwa kwenye friji.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na ukinibishia nitabisha mpaka uzi ufungwe: ua lolote la ugenini, kabla hujauliza bei, uliza USIKU wa mwezi wa baridi wa kwao ni nyuzi ngapi, ulinganishe na usiku wa Julai wa kwetu. Siyo mchana. Mchana wa huko kwenye joto unaweza ukafanana na wa kwetu ukadanganyika. Pioni, dafodili, yale yote ya kwenye kadi, yanataka baridi kama tulipu. Na simaanishi ya kigeni ni mabaya, bogenvilia yenyewe asili yake Brazil na majirani zake huko Amerika Kusini, ila usiku wa kwetu inaukubali. Amarilisi nayo ina kitunguu, nayo ni ya Amerika Kusini, na inachanua Dar bila kudekezwa.

Kichekesho ni kwamba ukiingia supamaketi za Ulaya utakuta kuna ua dogo la zambarau kwenye visufuria, wanaliweka madirishani. Limetoka Usambara! Mkoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo alilituma kwao 1892. Wao wamelifuga ndani ya nyumba zenye hita, sisi tunapanda ndege kwenda kufuata vitunguu.

Ukitaka kumbukumbu ya bustani nunua mkasi mzuri wa kupogolea, uweke kwenye begi la chini siyo la mkononi. Kumwagilia, ukiiacha hiyo bogenvilia swali limejijibu. Viza ombeni mapema, kuanzia miaka 12 ni euro 90, miaka 6 mpaka 11 ni euro 45, chini ya hapo bure, na bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Hela ya tulipu unayotaka kuchoma hapo inalipia viza ya mtoto mmoja na chenji ya chipsi. Mengine wajuvi watakuja.